Acheni Kungoja Konza, Nendeni Wote

Nitasema bila kuzunguka, na atakayekasirika akasirike. Sisi tunaotengeneza programu za kompyuta huku Kitui na Makueni hatukosi ujuzi. Tunakosa wateja, na tunawakosa kwa sababu hatuwatafuti. Tumezoea kungoja.

Kundi la kwanza linangoja Konza. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia pale Malili, Makueni, kwenye ardhi ya ekari 5,000 hivi. Tukaambiwa ajira zinakuja. Mimi sina ugomvi na Konza. Kituo cha data kipo, barabara zipo. Ugomvi wangu ni na kijana wa Makindu mwenye digrii ya kompyuta ambaye miaka yote hii anasubiri mji huo umwandikie barua, huku karani wa shule jirani akikesha na karatasi za M-Pesa.

Kundi la pili linangoja mashindano. Tangu iHub ifunguliwe Nairobi mwaka 2010, wengi wetu tumejifunza kutengeneza programu za kuwafurahisha majaji. Unasimama jukwaani, unasema utawaokoa wakulima milioni moja, unapigiwa makofi, unapewa hundi na fulana. Mwaka ukiisha hakuna mkulima hata mmoja anayeitumia. Jamani, jaji si mteja! Mteja ni yule anayetoa pesa mfukoni mwake, kisha siku zikifika anatoa tena.

Haya, turudi kwa yule karani. Chukua shule ya binafsi yenye wanafunzi 400. Mzazi analipa karo kwa Paybill. Mahali pa akaunti anatakiwa kuandika namba ya mwanafunzi, yeye anaandika "Mutua". Shuleni wako akina Mutua kumi na watatu. Karani anachapisha orodha ya malipo, anapiga mistari kwa kalamu, anawapigia wazazi simu mmoja mmoja. Huku nyuma mtoto ambaye karo yake imeshalipwa amerudishwa nyumbani. Hiyo ni shida yenye bei.

Na dawa yake haihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango wa kuunganisha programu na Paybill ya mteja kwa idhini yake. Malipo yakiingia, seva yako inapata taarifa papo hapo. Unalinganisha kile mzazi alichoandika na orodha ya wanafunzi. Yanayolingana yanaingia, yasiyolingana anaonyeshwa karani aamue. Mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuitengeneza.

Utaniambia kazi hiyo ni ndogo mno, haina sifa. Mwaka 2006 Mmarekani Patrick McKenzie, akiwa ameajiriwa huko Japani, alitengeneza kwa muda wa wiki moja hivi programu ya kuwachapishia walimu kadi za mchezo wa bingo. Bingo! Aliiuza kwa chini ya dola 30. Sidhani kama kuna jaji angempa tuzo. Lakini walimu walinunua, na mwaka 2010 akaacha ajira akajitegemea.

Sasa nakuja kwenye lile neno ninaloambiwa kila siku: "Watu wa huku hawana pesa." Si kweli. Watu wa huku wana pesa kwa majira, nasi tunawadai kama watu wa mshahara. Tumeiga bei ya kila mwezi kutoka Marekani bila kufikiri. Shule hupata pesa mwanzo wa muhula. Mfanyabiashara wa maembe wa Makueni huzipata msimu wa maembe, kati ya Desemba na Machi hivi. Mnunuzi wa ndengu wa Mwingi huzishika baada ya mavuno ya mvua za vuli, kuanzia Januari. Ukimdai mwezi wa Agosti atakukimbia, kisha utasema ni maskini. Mdai wakati wake!

Tupige hesabu, huu ni mfano tu. Toza shilingi 30 kwa mwanafunzi kwa muhula. Shule ya wanafunzi 400 inalipa 12,000. Ukiwa na shule 20 za aina hiyo ni 240,000 kwa muhula, na 720,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, ni 60,000 kwa mwezi. Toa gharama za seva, ujumbe mfupi, bando na nauli. Kinachobaki hakitakufanya bilionea, lakini kitakulisha ukiwa kwenu, bila kulipa kodi ya nyumba Nairobi.

Ila adui mkubwa ni neno BURE. Mkuu wa shule moja aliwahi kuniambia, "Wewe ni kijana wetu, tusaidie tu." Nikamuuliza, "Mwalimu, na yule aliyeleta saruji ya darasa jipya, naye alisaidia tu?" Akacheka, tukaanza kuongea bei. Programu ya bure ni hasara kwa mteja mwenyewe. Siku Daraja itakapobadilisha jambo, nani ataamka usiku kurekebisha? Majina ya watoto yakivuja, nani atawajibika mbele ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019? Anayelipwa ndiye anayepokea simu.

Wengine wanaogopa kwamba kampuni kubwa itakuja kuwameza. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Hiyo kampuni kubwa ya Nairobi itamtuma nani Mutomo wiki ya kufungua shule, kumwelekeza karani mpya kwa Kikamba mpaka aelewe? Wewe unaweza kufika kwa bodaboda. Huo ndio mtaji wako, usiudharau.

Na si shule peke yake. Kuanzia Januari 2024, kwa jumla, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA katika hesabu za kodi. Kwa hiyo wanunuzi wanaofunga hesabu za kodi wanadai ankara hiyo, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeandika mauzo kwenye daftari ana kazi mara mbili. Kuna wauza mbegu na dawa za mifugo wasiojua nini kimeisha dukani. Kuna vyama vya akina mama ambavyo hesabu yao yote imo kwenye simu ya mweka hazina mmoja.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Basi Jumatatu nenda Wote, au Mwingi, au Kibwezi. Kompyuta iache nyumbani, beba kalamu na karatasi. Ingia milango kumi, uliza swali moja tu: ni kazi gani ya karatasi inayokuchelewesha kufunga ofisi? Andika majibu. Jibu likijirudia mara tatu, umepata bidhaa. Taja bei kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, na upokee malipo ya kwanza kabla ya kukabidhi.

Konza ikiita siku moja, ikukute kazini.