Baruti si chumvi, jamani

Wabongo wenzangu mlioko huku Marekani, hasa nyie mnaojaza risasi wenyewe ili kubana matumizi, leo tugombane kidogo. Mbona kila anayeanza mnamwambia anunue baruti inayoungua haraka, eti haiishi? Hesabu inavutia kweli: ratili moja ni greni 7,000, na risasi ya .38 Special inakula greni 4 hivi tu za baruti ya namna hiyo. Lakini hizo greni 4 zinakaa chini kabisa ya ganda. Ukijisahau ukamimina mara mbili, ganda linameza zote na huoni kitu. Bastola inapasukia mkononi, na vidole mnatuletea sisi manesi.

Anayeanza achague baruti inayojaa, ipite nusu ya ganda. Akirudia kumimina, itamwagika mezani aione. Itaisha mapema, ndiyo, so what? Kipimo akitoe kwenye kitabu cha watengenezaji, sio kwa shemeji. Mimi na digrii yangu ya uuguzi bado nasoma lebo ya dawa kila ninapoishika. Wewe wa wiki mbili unakadiria kwa macho?

Na anayehamishia baruti kwenye kopo la Blue Band, huyo hata simwelewi.