Moshi na Macho ya Mwokozi



Jamaa zetu wengi wa Pwani wamehamia Nairobi kwa kazi na masomo, na wako miongoni mwao waliopanga Kiamaiko, mtaa mashuhuri kwa machinjio na soko la nyama ya mbuzi, ambako adhana husikika na nyama ya halali haitafutwi mbali. Ghorofa za huko zimebanana, ngazi zina giza hata mchana, na madirisha yametiwa vyuma kwa hofu ya wezi. Juma hili nataka tumzungumzie mtu ambaye aghalabu hatumkumbuki ila siku ya msiba, naye ni askari wa zimamoto, khasa upofu unaompata aingiapo katika moshi.

Wengi hudhani adui yake mkubwa ni ule moto. Moto angalau huonekana. Godoro la sponji likishika, au viti vya plastiki, hutoka moshi mweusi mzito ambao hujikusanya darini kwanza kisha ukashuka kama pazia, na ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Askari akiwasha tochi, mwanga humrudia usoni, mithili ya taa za gari katika ukungu wa Limuru. Mistari ya kung'aa iliyoshonwa katika koti lake humfaa mwenzake aliye karibu, lakini masizi yakiifunika haina kazi tena. Basi hutambaa chini, mkono mmoja ukipapasa ukuta, asiachane na mpira wa maji, kwani mpira ule ndio njia yake ya kurudia. Vile viungo vya chuma vinavyounganisha mipira, akivigusa kwa vidole, humjulisha mlango uko upande gani. Mgongoni ana mtungi wa hewa ya dakika zenye kuhesabika, na king'ora chake kikilia hana budi kutoka, hata kama amesikia mtoto akilia chumba cha pili.

Tarehe 3 Disemba 1999, katika mji wa Worcester huko Marekani, ghala kuukuu lililokuwa la kuhifadhia vyakula kwa baridi liliwaka moto. Askari waliambiwa kuwa huenda ndani mna watu wasio na makazi. Wawili wakaingia, wakapotea katika moshi, hewa ikawaishia. Wenzao wakaingia kuwatafuta, na wanne kati yao nao hawakutoka. Mkuu aliyekuwapo akasimama mlangoni, akawazuia waliobaki wasiingie. Jumla walikufa sita, na wale waliofuatwa walikuwa wamekwishatoka zamani, ila hakuna aliyekwenda kusema.

Baada ya msiba ule, vikosi vingi vya huko vilijitahidi kununua kamera ya joto. Chombo hiki hushikwa mkononi nacho huonyesha joto badala ya mwanga, hivyo mwili wa mtu aliyezirai sakafuni huonekana katika moshi ambao jicho halipiti. Kina kasoro zake, maana hakioni kupitia kioo wala ukuta. Hata hivyo, mwenye kamera na asiye nayo hawalingani, kama asivyolingana kipofu na aonaye.

Turudi Kiamaiko. Gikomba si mbali na hapo, na usiku wa tarehe 28 Juni 2018 moto wa soko lile uliua watu 15. Gari la zimamoto likiacha Barabara ya Juja na kuingia mitaani, hukutana na vibanda, mikokoteni, na pikipiki zilizoegeshwa. Mafakihi wametufundisha haki ya njia, na kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Mimi sioni udhia mkubwa kuliko kibanda kinachomzuia mwokozi, hata kama mwenye kibanda ana rakaa nyingi za usiku.

Kisha kuna habari. Siku ya moto kila mtu hupiga kelele, na askari hatambui amsikilize nani. Kila ghorofa ingekuwa na mtu mmoja ajuaye chumba gani kina mgonjwa, wapi pana mitungi ya gesi, nani amesafiri na nani amekwishatoka. Huyo ndiye wa kumwendea mkuu wa kikosi na kumwambia kwa utulivu. Na aliyetoka salama asiende kujipumzisha kwa shangazi yake mtaa wa pili bila kujulisha, asije mtu akaingia motoni kumtafuta.

Nimeulizwa na akina mama kuhusu stara: je, mwanamke asubiri avae buibui kabla ya kufungua mlango? Asisubiri. Hii ni dharura, na dharura hulegeza lililokatazwa. Wala hapana dhambi akibebwa na mwanamume asiye maharimu yake. Atambae chini ambako hewa ni nafuu, na akishindwa kutoka agonge ukuta au sufuria ili asikike. Wako wanaosema kuwa aliyekufa kwa moto ni shahidi. Ni kweli imepokewa hivyo, lakini fadhila hiyo haimpi landilodi ruhusa ya kutia kufuli mlango wa nyuma.

Limebaki la vifaa. Wajibu wa kuvinunua ni wa serikali ya kaunti, na wakazi wana haki ya kumdai mwakilishi wao wa wadi. Lakini sisi nasi huchanga fedha nyingi kwa mazulia na taa za kuning'inia misikitini, na ya zamani hayajachakaa. Je, kamera ya joto au mtungi wa hewa haviwezi kuwekwa wakfu kwa kikosi kinachotuhudumia? Imepokewa kuwa Khalid bin Walid, radhi za Allah ziwe juu yake, aliweka wakfu deraya zake na zana zake. Wakfu basi si lazima uwe shamba au nyumba. Deraya ni vazi la kumkinga aingiaye hatarini kwa ajili ya wenzake, na sioni kinachoitofautisha na mtungi ule wa mgongoni.

Watakaopenda kulianza jambo hili wende kwanza kituoni, wawaulize askari wenyewe kinachopungua ni nini, kabla hawajakusanya hata shilingi moja.