NOAH YA MAYATIMA: TANGAZO LA BURE AU MNADA WA MTANDAONI?



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume, na watu wa Makka wakamwita Mwaminifu.

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alinijia mjane mmoja wa hapa Mbeya. Mumewe amemwachia watoto wanne na Noah iliyokuwa ikibeba abiria wa Tukuyu. Dalali alimwambia, "Mama, mteja ana milioni 7, tukichelewa anaondoka." Jioni ile ile mwanawe wa kidato cha tatu akaiona picha ya gari la baba yake kwenye kundi la Facebook, bei milioni 8 na laki 4, namba ya simu ni ya dalali yule yule.

Mama akaniuliza, "Shehe, wengine wanasema niitangaze mwenyewe bure, wengine wanasema niipeleke kwenye mnada wa kundi la WhatsApp. Kipi ni halali?"

Jibu nililompa naliandika hapa, kwa sababu swali hili si lake peke yake.

KWANZA: CHA JUU
Udalali ni kazi ya halali, na ujira wake ni halali ukijulikana. Lakini dalali ni wakili, na wakili ni mtu wa amana. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari mkononi. Hakuificha ile dinari mfukoni akasema ni ya jasho lake. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake.

Ukikubaliana na mwenye gari, "Mimi nataka milioni 7, ikizidi ni yako," hilo Ibn Abbas aliliona halina ubaya, kwa kuwa mwenye mali ameridhia. Lakini kumwambia mjane kuwa mteja ana 7 na huku unatafuta 8 na laki 4, huo ni uongo na ni khiyana. Na mali yenyewe ni ya mayatima! Dalali unayesoma hapa, muogope Allah.

PILI: TANGAZO LA BURE
Uzuri wake ni kwamba halina gharama, mnaonana uso kwa uso, na mnunuzi anaweza kuja na fundi wake na kulipandisha gari mlimani kabla ya kutoa pesa. Ubaya wake ni ulimi. Kila tangazo linasema gari halidai, injini haijaguswa. Wewe mwenye gari unajua linachemsha kila ukipanda Kitonga, unajua gia inashtuka asubuhi kwenye baridi ya huku kwetu, na bado unaandika "halidai". Wengine wanarudisha nyuma kilomita za kwenye dashibodi.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu. Alimkemea muuzaji kwa kuificha chini sehemu iliyolowa, na akasema mwenye kudanganya si katika sisi. Picha ya gari lililooshwa na kung'arishwa tairi, bila neno moja kuhusu gia, ni lile lile lundo la nafaka.

Jambo jingine la matangazo haya: mmeshakubaliana na mtu, bei imekata, kesho anapiga mwingine anaongeza laki mbili, unamgeuka wa kwanza. Hilo limekatazwa. Na wewe mnunuzi, usitume advansi kwa gari ambalo hujaliona kwa macho. Wengi wamelizwa hapo.

TATU: MNADA
Mnada una asili katika dini yetu. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimuuzia Answari mmoja masikini tandiko lake na kikombe chake, mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani anaongeza, mwingine akatoa mbili, akapewa. Wanazuoni walio wengi wameuruhusu.

Hata haya magari tunayoendesha, mengi yalipita mnadani kule Japani kabla ya kupakiwa melini kuja Dar es Salaam. Kule gari linakaguliwa kwanza na kupewa alama kwenye karatasi, 4 au 3.5, na lililowahi kutengenezwa baada ya ajali mara nyingi huandikwa R. Hao wengi wao si Waislamu, lakini aibu ya gari wanaiandika kabla ya bei. Sisi je?

Maradhi ya minada yetu ya simu ni mawili. La kwanza ni najashi, yaani mtu kupandisha bei hali ya kuwa hataki kununua. Kijana mmoja wa Iringa alishindana na namba asiyoijua hadi saa sita usiku kwa ajili ya Canter ya kubebea mbao. Akaongeza laki tano. Baadaye akajua kuwa aliyekuwa akishindana naye ni shemeji wa mwenye gari. Wanazuoni wametofautiana kama mnunuzi wa namna hii ana haki ya kurudisha, lakini hawakutofautiana kuwa aliyefanya hivyo amepata dhambi.

La pili ni maneno "linauzwa kama lilivyo". Watu wanadhani maneno haya yanafuta kila kitu. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar aliuza mtumwa, kama ilivyokuwa katika zama zile, kwa dirhamu 800, kwa sharti la kutodaiwa aibu yoyote. Mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi. Sayyidna Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba hakuyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akarudishiwa aliyemuuza, na baadaye akamuuza kwa 1,500. Kwa hiyo usichokijua, sharti linaweza kukukinga. Unachokijua ukanyamaza, sharti halikukingi.

MAONI YANGU
Gari lako mwenyewe, litangaze bure na uuze uso kwa uso. Una haki ya kupunguza ukitaka, na aibu zake unazijua wewe.

Lakini mali ya mirathi, ya wakfu au ya msikiti, mimi naona iuzwe kwa mnada wa wazi. Hapo si mali yako kumpunguzia rafiki, na mnada unakuondolea tuhuma. Masharti yake: gari likaguliwe na aibu ziandikwe, watu waje kuliona kabla ya kutaja bei, na ndugu wa muuzaji asitaje bei ila awe anataka kununua kwa kweli.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Tulianzia Mahakama ya Mwanzo, mama akathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, kwa sababu bila hiyo umiliki hauhamishwi TRA. Tukaangalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari. Fundi wa Mwanjelwa akaandika: gia inashtuka, rejeta imebadilishwa, tairi mbili za nyuma zimekwisha. Siku tatu za kuliona, siku moja ya mnada. Likaenda kwa milioni 7 na laki 9, kwa mtu wa Iringa aliyekuja na fundi wake. Umiliki ukahamishwa kabla hajaondoka na gari.

Kuna waliosema, "Shehe, mngenyamazia gia mngepata 8 na zaidi." Huenda. Lakini ile ziada ingekuwa moto matumboni mwa mayatima, na sisi watu wazima ndio tungewalisha.

Allah atujaalie riziki ya halali, awalinde mayatima wetu, na ambariki kila muuzaji na mnunuzi anayesema kweli. Aamin.

Wallahu a'alam. Mfikishie na nduguyo anayeuza gari wiki hii.