Maktaba Isingoje Hodi

Katika mji mmoja wa pwani, ambao jina lake nitalihifadhi kwa kuwa sina nia ya kumfedhehesha mtu, niliingia siku moja, yapata saa nne ya asubuhi, katika maktaba ndogo ya umma kutafuta kitabu cha historia ya mji huohuo. Vitabu vilikuwa vimepangwa safu kwa safu kwa namba zao, na ukutani palikuwa na tangazo la neno moja tu, KIMYA, kwa herufi kubwa. Lakini neno lile halikuwa na wa kumwonya, maana chumba kizima tulikuwamo watu watatu: mimi, mkutubi, na kijana mmoja aliyelalia karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Nilipotoka, hatua chache kutoka mlangoni, niliwakuta wazee barazani wakisomeana gazeti, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, wakihojiana na kuichambua kila habari, hata ikaadhiniwa adhuhuri nao wangali katika mjadala. Wasomaji ambao maktaba ile iliwakosa walikuwa pale nje, na hapana aliyewahi kuwakaribisha ndani.

Tangu siku hiyo nimekuwa na rai ambayo kila nikiitafakari naiona kuwa ya kweli zaidi: maktaba ndogo huhuika siku mkutubi wake anapotoka mlangoni kuwatafuta watu kule waliko na kuwapa sababu ya kuja, nayo hufa polepole kwa kungoja.

Wako watakaonijibu kwa methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yaani ikiwa vitabu ni vizuri, wenye haja navyo watavifuata. Methali hiyo ni sahihi katika soko la samaki, ambako kila mnunuzi amekwisha kuonja samaki na amjua aliye mbichi na aliyechina, lakini haifai kuwa hoja dhidi ya maktaba, kwa sababu utamu wa kitabu haujulikani ila na aliyekwisha kukisoma, na mtoto aliyelelewa katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja hawezi kuwa na hamu ya kitu ambacho hajapata kukionja.

Tena, kimya kile cha ukutani si desturi yetu ya asili. Mswahili alisoma katika majilisi kabla hajasoma faraghani. Utenzi ulighaniwa mbele ya hadhira, Maulidi yalisomwa na wengi kuitikia, na barua iliyotoka safarini ilisomewa nyumba nzima na aliyejaliwa kujua herufi. Utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858 ulienea kwa wanawake wa pwani kwa kughaniwa, kuhifadhiwa moyoni na kunakiliwa kwa mkono, bila ya kungoja mtambo wa kuchapisha. Basi maktaba inayomtaka mtu wa namna hiyo aketi peke yake, afumbe mdomo na atazame ukuta, humnyima adabu ya usomaji aliyoizoea, kisha humlaumu kwamba hapendi kusoma.

Sisemi kwamba walioanzisha maktaba zetu hawakuyafahamu haya. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Kenya ikafuata mwaka 1965. Na tarehe 9 Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970, kisomo cha watu wazima kilipoenea, mikoa ya Ziwa ilikuwa na gazeti lake la wasomaji wapya lililoitwa Elimu Haina Mwisho, maana ilidhihirika kwamba mtu aliyefunzwa herufi na kisha akakosa cha kusoma huzisahau. Zama zile dhana ilikuwa kwamba elimu humfuata mwananchi, wala haikai mjini ikimngoja.

Mfano ulio bora kupita yote katika nchi zetu ulitoka mahali penye uchache wa kila kitu. Mwaka 1996, Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilipoona kwamba wafugaji wa Garissa wanahama na mifugo yao na barabara za kule zinashinda magari, iliwatwika ngamia makasha ya vitabu na hema, ikawapeleka katika makazi ya wafugaji hao. Hema lilisimamishwa, mikeka ilitandikwa, watoto walichagua vitabu, na msafara ulirejea baada ya muda kuvibadilisha. Hapakutumika hila wala utajiri. Aliyebuni jambo lile alijiuliza watu wako wapi na kipi kinaweza kufika huko, akalifuata jibu.

Mfano wa pili uko Nairobi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 katikati ya mji, na kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa wote, lakini jengo hilo na matawi yake mawili madogo ya Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya wafanyakazi upande wa mashariki ya jiji, yalizeeka kwa kutotunzwa. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliasisi jumuiya ya Book Bunk, wakapatana na serikali ya kaunti, wakaanza kuyakarabati matawi yale mawili. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba wakazi waliulizwa maktaba yao iwe ya namna gani, na majengo yalipokwisha kutengenezwa yalijazwa shughuli: hadithi za watoto, mazungumzo ya waandishi, sanaa na muziki. Jengo lililopakwa rangi bila ya shughuli lingerudia uchakavu wake katika miaka michache.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa mkutubi wa mji mdogo ni hii. Kwanza, na atazame saa zake. Maktaba inayofunguliwa wakati watoto wako shuleni na wazazi wako kazini, ikafungwa wao watokapo, imejifungia yenyewe. Baada ya alasiri na siku ya Jumamosi ndio wakati wake. Pili, na atenge siku moja ya juma iwe ya ngano na vitendawili, amwalike bibi mmoja wa mtaani asimulie, na kila hadithi ikiisha watoto waonyeshwe kitabu chenye hadithi inayofanana nayo. Tatu, wale wazee wa barazani na waletewe magazeti na viti kivulini, mmoja wao aombwe awe msomaji wa siku. Na tangazo la KIMYA lihamishiwe katika chumba kimoja cha wanafunzi wa mitihani, ambao kwa hakika wanalihitaji.

Nne, makasha ya vitabu na yatoke. Kasha moja likae zahanati, ambako kina mama hungoja zamu kwa saa nzima. Jingine likae madrasa. Jingine kwa fundi cherehani au kinyozi aliye mwaminifu. Na yabadilishwe kila mwezi. Vitabu vichache vitapotea, hapana shaka, lakini kitabu kilichopotea mikononi mwa msomaji kimepata kusomwa, na kile kinacholiwa na mchwa rafuni hakikumfaa mtu.

Tano, maktaba na iwe hazina ya mji wake. Nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya mwaka 1728 imehifadhiwa Hamburg, na miswada mingi ya mashairi yetu kwa hati za Kiarabu imo London, ingawa shukrani zastahiki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mkusanyiko wake mkubwa. Mji uliopoteza maandishi yake hivyo hauna udhuru wa kupoteza na yaliyobaki. Wanafunzi na watumwe kwa wazee wakaandike majina ya mitaa, nasaba, nyimbo za kazi na habari za vyombo vya baharini, na daftari hizo ziwekwe maktaba, mwenye habari aje aone jina lake limehifadhiwa.

Najua nitaambiwa kwamba fedha hazipo. Lakini mkeka, bibi msimuliaji na kasha la mbao havihitaji bajeti ya wizara, bali vyahitaji mkutubi mwenye ruhusa ya kutoka na halmashauri isiyomhesabia kutoka huko kuwa utoro. Kuhusu ada, ilani ya UNESCO ya mwaka 1994 juu ya maktaba za umma ilitamka kwamba huduma zake, kwa kanuni, ziwe bila malipo. Ikiwa ada haina budi kutozwa, basi watoto wasamehewe, kwani senti zao hazitaijenga nchi, na usomaji wao utaijenga.

Ndugu msomaji, wewe nawe una sehemu yako. Jumamosi ijayo mshike mkono mtoto mmoja, wako au wa jirani, mwende pamoja katika maktaba iliyo karibu nanyi. Na mkiikuta imefungwa, mwendee diwani wako Jumatatu umuulize kwa nini.