Lualaba: mgomo huanza siku mfanyakazi anapoacha kusema

Mgomo unapotokea katika kampuni ya madini huko Kolwezi au Fungurume, habari yake hufuata njia moja. Asubuhi lango limefungwa, wafanyakazi wamesimama nje na kofia zao za kazi, polisi wako karibu, na mjumbe wa sendika anasoma madai: mshahara, prime, mikataba, matibabu ya familia. Jioni wakubwa wa kampuni wanasema walishtukizwa. Siku mbili tatu baadaye kuna kikao mbele ya viongozi wa jimbo au mkaguzi wa kazi, karatasi inatiwa sahihi na kazi inaanza tena. Baada ya miezi kadhaa lango linafungwa upya, na madai ni yaleyale.

Neno linalopaswa kuchunguzwa hapo ni lile la kushtukizwa. Madai yanayosomwa langoni hayazaliwi usiku mmoja. Kwa kawaida yalikwisha kusemwa ndani ya basi la wafanyakazi, katika chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya kapita, na wakati mwingine katika barua ambayo haikujibiwa. Kila mtu wa chini aliyajua. Ni juu tu ambako hayakufika, au yalifika na hakuna aliyejibu.

Jambo hili linahusu inchi nzima. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na kwa shaba imo kati ya inchi za kwanza. Sehemu kubwa ya utajiri huo inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Siku moja ya kazi kusimama mgodini ni hasara kwa kampuni, kwa hazina ya serikali, na kwa mama anayeuza mikate karibu na lango. Na kabla ya hasara ya pesa kuna hatari ya uhai: mtu anayeogopa kusema kwamba mshahara wake una kosa ataogopa pia kusema kwamba breki za lori hazishiki.

Urithi wa baba na mama

Ili kuelewa kimya hicho lazima kurudi nyuma. Kwa miaka mingi, wakaaji wa Katanga walisema kwamba Union Minière, na baadaye Gécamines, ni baba na ni mama. Kampuni ilitoa nyumba kambini, posho, shule na hospitali. Ilijua hata idadi ya watoto wa kila mfanyakazi. Lakini baba wa namna hiyo haulizwi. Anaamua, na watoto wanapokea.

Waliothubutu kuuliza waliona matokeo yake. Mnamo Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipanda na wafanyakazi wa Union Minière wakagoma kudai mshahara. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa michezo wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Ilipasa kungoja mwaka 1946 ili utawala wa kikoloni uruhusu sendika za Waafrika, tena kwa masharti makali.

Kisha baba mwenyewe akaanguka. Katika miaka ya 1990 uzalishaji wa Gécamines ulishuka vibaya, na wafanyakazi wakakaa miezi mingi bila mshahara. Kati ya 2003 na 2004, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliiacha kampuni. Wengi wao walilalamika kwa miaka kwamba hesabu ya malipo yao haikuwahi kuelezwa wazi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliita kitabu chake juu ya familia hizo kwa jina lenye maana ya Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Vijana wanaofanya kazi migodini leo ni watoto na wajukuu wa watu hao. Wamerithi mambo mawili: kumbukumbu ya kampuni iliyotoa kila kitu, na fundisho kwamba anayeuliza sana hujitafutia matatizo. Mkubwa wa kampuni mpya anayefika Kolwezi bila kujua historia hiyo hushangaa kwa nini mkutanoni hakuna anayenyosha mkono.

Wakubwa wawili, lugha nne

Kampuni za leo hazijengi kambi wala hazigawi posho. Nyingi hazitaki hata kuwa mwajiri wa moja kwa moja. Kazi hupitia kwa kampuni ndogo zinazopewa mikataba ya kuendesha magari, kupika, kulinda, kuchimba au kusafisha. Ripoti iliyotolewa Novemba 2021 na mashirika RAID na CAJJ, iliyochunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kwa njia hiyo, na kwamba wengi wao walipata mshahara mdogo na matunzo duni kuliko walioajiriwa na mgodi wenyewe.

Kwa upande wa mawasiliano, matokeo yake ni rahisi kuona. Mfanyakazi ana wakubwa wawili. Anayempa amri kila asubuhi ni wa mgodi, na anayemlipa mwisho wa mwezi ni wa kampuni ndogo. Akilalamika juu ya mshahara, wa kwanza anamwambia aende kwa mwajiri wake. Akilalamika juu ya saa za kazi, wa pili anamwambia kwamba mwenye mgodi ndiye anayepanga. Neno lake linarushwa kama mpira mpaka anachoka.

Tena kuna lugha. Mkataba uko kwa Kifaransa. Maandishi ya mashine mara nyingi yako kwa Kiingereza au Kichina. Watu wanaoshika nyundo na usukani wanasema Kiswahili. Mkalimani akiwapo, mara nyingi anatafsiri amri kutoka juu kwenda chini, na ni mara chache anatumwa kupandisha maswali. Maagizo ya usalama yakisomwa kwa lugha ambayo nusu ya kikundi haielewi, kila mtu hutikisa kichwa na kutia sahihi. Karatasi inasema wameelezwa, ila kwa kweli hawajaelezwa.

Mfano wa karibuni ni uamuzi wa serikali juu ya kobalti. Mnamo Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wake kwa miezi minne kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Mnamo Juni muda uliongezwa, na tangu Oktoba 2025 umewekwa utaratibu wa kila kampuni kupewa kiasi chake. Kwa wakubwa, hayo ni mambo ya soko. Kwa dereva wa lori mwenye mkataba wa miezi sita, ni swali moja tu: mkataba wangu utafanywa upya? Pale ambapo hakuna mkubwa aliyemjibu, alijibiwa na WhatsApp. Na uvumi hauna mshahara wa kulipa wala kikao cha kuhudhuria, kwa hiyo unaweza kusema lolote.

Sheria ipo

Haiwezi kusemwa kwamba inchi haina sheria. Katiba ya 2006 inalinda haki ya kazi, uhuru wa sendika na haki ya kugoma, katika ibara za 36, 38 na 39. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka wafanyakazi wawakilishwe na wajumbe waliochaguliwa, na inataka wajumbe hao waulizwe juu ya saa za kazi, usalama na kanuni za ndani za kampuni. Inataka pia kuwe na kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi.

Kanuni hiyo inasema jambo lingine ambalo wafanyakazi wengi hawalijui: kupeleka mashtaka dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kufukuzwa. Inasema tena kwamba mtu wa kazi ya siku kwa siku, akiisha kutimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Ni watu wangapi wanaosafisha, kulinda na kubeba mizigo migodini ambao wamewahi kusomewa mistari hiyo katika lugha yao?

Ndiyo maana sheria peke yake haitoshi. Ulinzi usiojulikana haumlindi mtu. Na kamati inayokutana ili kutia sahihi karatasi ya mkaguzi haibadilishi kitu chini ya mgodi.

Kapita ndiye kampuni

Kosa la kampuni nyingi ni kudhani kwamba uongozi unakaa katika ofisi ya mkurugenzi. Kwa mfanyakazi, kampuni ni kapita wake. Kapita ndiye anayepanga zamu, anayekubali au kukataa ruhusa ya kwenda matangani, anayeandika jina la mtu kwa ripoti. Lakini mara nyingi amepandishwa cheo kwa sababu anajua mashine vizuri, bila kufundishwa namna ya kusikiliza, kukemea bila kutukana, au kupeleka juu habari mbaya. Yeye mwenyewe anaogopa. Akisema kikundi chake kinalalamika, anaonekana hakiwezi.

Amy Edmondson, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza vikundi vya wauguzi katika hospitali za Marekani katika miaka ya 1990. Alitazamia kwamba vikundi vinavyoongozwa vizuri vitakuwa na makosa machache ya dawa. Hesabu ilionyesha kinyume: ndivyo vilivyokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Alipoangalia kwa makini, alielewa kwamba katika vikundi hivyo watu hawakuogopa kusema makosa yao, hali kwingine waliyaficha. Kwa mgodi wa Lualaba, fundisho ni wazi. Mkuu anayejisifu kwamba hapokei malalamiko hata moja anapaswa kuwa na wasiwasi, si furaha.

Marekebisho yanayohitajika si ya ajabu wala ya gharama kubwa. La kwanza ni lugha: mkataba, kanuni za ndani na maagizo ya usalama vielezwe kwa Kiswahili, na mfanyakazi aombwe kurudia kwa maneno yake alichoelewa kabla ya kutia sahihi. La pili ni karatasi ya mshahara. Migogoro mingi huanzia kwenye mistari ya makato, CNSS, kodi, siku zilizokosekana, ambayo hakuna aliyeieleza. Mtu mmoja wa ofisi anayekaa na wafanyakazi siku ya malipo na kujibu maswali anaweza kuzima moto kabla haujawaka.

La tatu ni jibu lenye tarehe. Mfanyakazi anaweza kuvumilia kuambiwa hapana, kama hapana hiyo ina sababu. Asichoweza kuvumilia ni kuambiwa tutaona kwa miezi minane. Kila dai liandikwe, lipewe mtu wa kulijibu na siku ya jibu, na jibu libandikwe mahali watu wanapoliona. La nne ni kwamba mwenye mgodi asijifiche nyuma ya kampuni ndogo. Anayetoa amri ya kazi akae katika kikao kimoja na anayelipa, mbele ya wajumbe.

Sendika pia zina sehemu yao. Mjumbe anayeingia kikaoni na kutoka bila kuwaeleza wenzake yaliyosemwa anazaa mashaka yaleyale anayoyalaumu kwa wakubwa. Wafanyakazi wakiona mjumbe wao amepata gari au safari kabla wao hawajapata jibu, watagoma bila yeye, na hapo hakuna tena wa kuzungumza naye.

Maneno hayali mahali pa mshahara

Wakubwa wa kampuni wana jibu lao. Wanasema uzalishaji hausubiri mikutano, bei ya madini inapanda na kushuka, na wafanyakazi hawatatosheka hata wakisikilizwa. Kuna ukweli ndani yake. Lakini mgomo wa siku tatu unakula saa nyingi kuliko nusu saa ya mazungumzo kila juma.

Wafanyakazi nao wana shaka yao, na ni ya haki. Wamekwisha kuona sanduku la maoni likitundikwa ukutani bila mtu kulifungua, na karamu ya tarehe 1 Mei yenye fulana mpya na hotuba nzuri, kisha mwezi uleule mishahara ikachelewa. Kusikiliza hakuwezi kuchukua nafasi ya malipo ya haki. Kampuni inayosikiliza ili kutuliza watu tu itagunduliwa haraka, na itakuwa imepoteza hata ile imani ndogo iliyobaki.

Basi mara nyingine lango litakapofungwa na wote watakapoketi mbele ya mkaguzi wa kazi, isitoshe kuuliza ni faranga ngapi zinadaiwa. Iulizwe pia: dai hili lilisemwa mara ya kwanza lini, aliambiwa nani, na alijibu nini? Majibu ya maswali hayo matatu yakiandikwa katika makubaliano, pamoja na jina la mtu atakayepokea dai linalofuata, karatasi hiyo inaweza kudumu kuliko zile zilizotangulia.