Njuga za Umeme Hazidai Kiingereza

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili chafaa kwa ushairi, si kwa umeme. Hilo ni dai la wavivu. Mwanafunzi wa Kilosa au Mikumi akishona njuga za umeme katika vazi la ngoma, nazo zisilie, aulizwe: betri ina chaji? Chanya imeunganishwa penye hasi? Nyuzi zipitishazo umeme zikigusana mchezaji anapojikunja, hiyo ni shoti. Zikilegea, mkondo hukatika. Neno gani limekosekana hapo? TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, lakini sekondari bado twamfundisha mtoto kwa Kiingereza, akakariri asichokielewa. Enyi washairi, msilinde vina na mizani tu. Lugha ikifukuzwa karakanani, hata tenzi zake zitadhoofu.