Udi Unaonewa Bure Harusini

Harusi nyingi za Malindi, Mambrui na Kilifi siku hizi husimama kwa kinanda cha umeme peke yake. Ukiuliza udi na gita vimekwenda wapi, utaambiwa havisikiki, ati vina sauti ndogo na watu wamezoea kishindo. Mimi sikubaliani na hoja hiyo hata kidogo. Kosa liko mezani kwa fundi, pale penye miksa. (Wanaoukataa muziki wote wana hoja zao; hao siwazungumzii hapa.)

Kinanda kina raha yake: waya mmoja, kazi imekwisha. Gita la mbao halitaki hivyo. Hata likiwa na kinasa sauti chini ya nyuzi, umeme unaotoka humo mara nyingi ni dhaifu, na ukilichomeka tundu lile lile la kinanda sauti hutoka nyembamba kama bati. Lahitaji kisanduku kidogo cha katikati, ambacho mafundi hukiita DI, ndipo liingie kwenye tundu la maikrofoni. Udi usio na kinasa uwekewe maikrofoni yake, kiasi cha shubiri moja kutoka usoni mwake, kando kidogo ya tundu. Ukiielekeza tunduni penyewe utapata mvumo mtupu.

Sasa fundi wetu hufanyaje? Mwimbaji hasikiki, apandisha sauti. Udi nao hausikiki, apandisha tena. Spika amezipanga nyuma ya waimbaji, basi sauti yarudi kwenye maikrofoni ilikotoka, na ule mlio wa kutoboa masikio waanza. Lawama abebeshwe nani? Mpiga udi! Ilhali dawa haina gharama: spika zitangulie mbele ya waimbaji, maikrofoni zizipe mgongo, na kila chombo kijaribiwe peke yake kabla ya wageni kufika. Nyaya nazo zikaguliwe, maana hewa yetu ya chumvi hula vichwa vyake.

Tarabu ya pwani ni maneno, wasomaji wangu. Marehemu Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alipiga udi na kuimba mwenyewe, na marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, watu walimsikiliza neno kwa neno. Kina mama hawainuki kutunza kwa ajili ya besi; huinuka beti ikiwagusa. Beti ikimezwa, tuzo itoke wapi? Na kijana gani atajifunza udi, akijua hataitwa harusi hata moja?

Basi mwenye harusi, kabla ya kupatana bei na fundi, na amuulize ana maikrofoni ngapi na kama anacho kile kisanduku. Kisha wapigaji waje baada ya alasiri wajaribu vyombo. Fundi akisema hakuna haja, atafutwe mwingine.